Jumla Isiyo ya Kweli: Namna Kuunganisha Majedwali Kunavyoweza Kupotosha Hesabu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ungali wa kweli, lakini zama za kompyuta zimeuongezea onyo jingine: mali yaweza kupotea hata pale ambapo daftari lipo, limeandikwa kwa uangalifu, na halina kosa hata moja. Yawezekana kila tarakimu iliyomo ikawa sahihi, mashine ikajumlisha bila kukosea, na bado jumla itokayo isiwe ya kweli. Kosa la namna hiyo halitokani na hitilafu ya umeme wala uzembe wa karani. Hutokana na jinsi swali lilivyoulizwa, hasa pale majedwali mawili au zaidi yanapounganishwa kwanza, kisha hesabu ikafanywa juu ya mchanganyiko wake.

Yafaa jambo hili lieleweke shuleni, kwani halihitaji hesabu nyingine zaidi ya kujumlisha na kuzidisha. Athari zake nazo si ndogo. Malipo ya wakulima, mgao wa dawa za zahanati na wastani wa alama za wanafunzi ni mambo yanayoweza kukokotolewa kwa njia hiyo, na katika kila moja jumla ya uongo humdhuru mtu.

MAJEDWALI NA UFUNGUO

Hifadhidata ni mkusanyiko wa habari uliopangwa ndani ya kompyuta kwa utaratibu maalumu. Katika mpango uliozoeleka, habari huwekwa katika majedwali. Kila jedwali lina safu zinazosimama, zenye majina ya sifa kama vile namba, tarehe au uzito. Na lina mistari inayolala, ambayo kila mmoja hueleza kitu kimoja au tukio moja.

Msingi wa mpango huo uliwekwa na Edgar F. Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, katika makala aliyoichapisha mwezi Juni 1970. Codd aliujenga mpango wake juu ya nadharia ya seti, ambayo wanafunzi wa sekondari hukutana nayo katika somo la hisabati. Mwaka 1981 alitunukiwa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima kubwa katika sayansi ya kompyuta. Mnamo mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao pia wa IBM, walitangaza lugha ya kuyaulizia maswali majedwali ya aina hiyo. Lugha hiyo, ambayo baadaye iliitwa SQL, ilifanywa kuwa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1986, na kiwango cha kimataifa mwaka 1987. Hadi leo ingali ikitumika duniani kote.

Mojawapo ya faida za mpango huo ni kwamba jambo moja huweza kuandikwa mahali pamoja tu. Jina la mkulima na kijiji chake havirudiwi katika kila stakabadhi. Huandikwa mara moja katika jedwali la wakulima pamoja na namba yake, na namba hiyo ndiyo inayotajwa kwingineko. Namba inayomtambulisha mtu au kitu kimoja pekee huitwa ufunguo. Kwa kuwa habari zimetawanywa hivyo, hapana budi ziunganishwe tena kila inapotakiwa taarifa kamili. Katika kitendo hicho cha kuunganisha ndimo zilimo nguvu za mpango huu, na ndimo ulimo mtego wake.

MFANO WA CHAMA CHA USHIRIKA

Ichukuliwe, kwa mfano, hali ya chama cha msingi cha ushirika wa kahawa chenye wakulima wanne tu: namba 101, 102, 103 na 104. Kila mkulima aletapo kahawa, hupimiwa kwenye mizani na kupewa stakabadhi. Kadhalika chama huwakopesha wakulima pembejeo, na kila mkopo huandikiwa hati yake. Mwisho wa msimu mkulima hulipwa thamani ya kahawa yake baada ya kukatwa madeni. Kwa hiyo kompyuta ya chama ina majedwali mawili yafuatayo.

Jedwali la 1: Mapokezi

| Stakabadhi | Mkulima | Kilo |
|---|---|---|
| 1 | 101 | 40 |
| 2 | 101 | 60 |
| 3 | 101 | 50 |
| 4 | 102 | 75 |
| 5 | 102 | 75 |
| 6 | 103 | 90 |
| 7 | 104 | 100 |
| 8 | 104 | 50 |

Jedwali la 2: Mikopo

| Hati | Mkulima | Shilingi |
|---|---|---|
| A | 101 | 20,000 |
| B | 101 | 30,000 |
| C | 102 | 25,000 |
| D | 103 | 15,000 |

Mtu akijumlisha kwa mkono ataona kwamba kahawa yote iliyopokewa ni kilo 540, na kwamba mikopo yote ni shilingi 90,000. Mkulima namba 104 hakukopa kitu. Mkulima namba 102 alileta kilo 75 kwa siku mbili mbalimbali. Hizo ni stakabadhi mbili za haki, ijapokuwa uzito wake unalingana.

MISTARI INAVYOZALIANA

Sasa karani anataka taarifa moja inayoonyesha, kwa kila mkulima, jumla ya kilo na jumla ya mikopo. Anaiamuru kompyuta iunganishe Mapokezi na Mikopo kwa kutumia namba ya mkulima, kisha ijumlishe. Amri hiyo yaonekana kuwa ya busara, lakini kabla ya kuikubali ni lazima ijulikane kompyuta hufanya nini hasa inapounganisha.

Kompyuta huchukua kila mstari wa jedwali la kwanza na kuutafutia wenzake wote katika jedwali la pili wenye namba ile ile ya mkulima. Kwa kila jozi inayopatikana, mstari mpya huandikwa. Mkulima namba 101 ana stakabadhi tatu na hati mbili. Hivyo jozi zake ni sita: 1 na A, 1 na B, 2 na A, 2 na B, 3 na A, 3 na B. Katika mistari hiyo sita kila stakabadhi imetokea mara mbili, na kila hati ya mkopo imetokea mara tatu. Jumla ya kilo zake, ambayo ni 150, inageuka kuwa 300. Jumla ya mikopo yake, ambayo ni shilingi 50,000, inageuka kuwa shilingi 150,000.

Mkulima namba 102 ana stakabadhi mbili na hati moja. Kilo zake zinabaki 150 kama ilivyo kweli, lakini mkopo wake wa shilingi 25,000 unahesabiwa mara mbili na kuwa shilingi 50,000. Mkulima namba 103, mwenye stakabadhi moja na hati moja, hesabu yake inatoka sawasawa. Ama mkulima namba 104, kwa kuwa hana mwenzi katika jedwali la Mikopo, hana jozi yoyote; na asiye na jozi hutoweka kabisa katika muungano wa kawaida.

Kanuni yake yaweza kuelezwa kwa ufupi. Mkulima mwenye stakabadhi m na hati n hutoa mistari m × n. Kilo zake huzidishwa kwa n, na mikopo yake huzidishwa kwa m. Ikiwa n ni 1, kilo hubaki salama. Ikiwa n ni 0, mkulima hupotea. Na likiongezwa jedwali la tatu, tuseme la mikutano iliyohudhuriwa, mkulima namba 101 akiwa na mikutano minne atakuwa na mistari 3 × 2 × 4, yaani 24, na kila kilo yake itahesabiwa mara nane.

Ni vema kufikiri pia juu ya maana ya mistari hiyo mipya. Mstari unaoweka stakabadhi ya kwanza kando ya hati A hausemi kwamba mkopo huo ulilipwa kwa kahawa hiyo. Unachosema ni kwamba vyote viwili ni vya mkulima mmoja, basi. Katika makala yake ya mwaka 1970 Codd alikwisha kuonya juu ya mtego wa jamaa hiyo: watu hudhani kwamba, kwa kuwa jambo la kwanza limefungamana na la pili, na la pili na la tatu, basi la kwanza na la tatu nalo lina uhusiano wa kweli. Mlolongo wa viungo si ushahidi wa uhusiano.

JUMLA INAYOPATANA KWA BAHATI

Huenda msomaji akafikiri kwamba kosa kubwa kama hili litagunduliwa mara moja. Na alitazame jedwali la matokeo.

Jedwali la 3: Matokeo ya kuunganisha kabla ya kujumlisha

| Mkulima | Kilo | Mikopo (Sh.) |
|---|---|---|
| 101 | 300 | 150,000 |
| 102 | 150 | 50,000 |
| 103 | 90 | 15,000 |
| Jumla | 540 | 215,000 |

Jumla ya kilo ni 540, sawa kabisa na ile ya kitabu cha mizani! Mkaguzi atakayelinganisha tarakimu hiyo moja ataweka sahihi yake kwa moyo mkunjufu. Lakini 540 hii si ile. Kilo 150 alizozidishiwa mkulima namba 101 zimeziba pengo la kilo 150 alizopotezewa mkulima namba 104. Makosa mawili yameelekea pande mbili zilizo kinyume, nayo yamefichana.

Bei ikiwa shilingi 2,000 kwa kilo, mkulima namba 101 anayestahili shilingi 250,000 ataandikiwa shilingi 450,000. Mkulima namba 102 anayestahili 275,000 ataandikiwa 250,000, kwani mkopo wake umekatwa mara mbili. Namba 103 atapata 165,000 zake bila kasoro. Na namba 104, ambaye hakumdai mtu wala kudaiwa, na ambaye alistahili shilingi 300,000, hataitwa dirishani. Katika wakulima wanne ni mmoja tu aliyetendewa haki, na yote hayo yametokea bila kompyuta kutoa onyo lolote, kwa sababu kwa upande wake haikukosea: ilijibu swali iliyoulizwa.

Tena kuna sababu nyingine inayolifanya kosa hili lidumu. Maadamu kila mkulima ana mkopo mmoja na stakabadhi moja, programu yenye kosa na programu sahihi hutoa majibu yale yale. Anayeijaribu programu yake kwa mifano michache na myepesi ataridhika nayo. Yaweza kutumika msimu hata msimu, mpaka siku atakapotokea mkulima wa kwanza mwenye hati mbili.

WASTANI NAO HAUSALIMIKI

Jumla si tarakimu pekee inayopotoshwa. Katika Jedwali la 1, wastani wa kila stakabadhi ni kilo 540 kugawanya kwa 8, yaani kilo 67.5. Baada ya kuunganisha, mistari ni tisa, na wastani unakuwa kilo 60. Uzito mkubwa kuliko wote haudhuriwi na kurudiwa kwa mistari, kwa kuwa namba kubwa hubaki ile ile hata ikiandikwa mara kumi. Lakini hudhuriwa na kupotea kwake. Stakabadhi ya kilo 100 imetoweka pamoja na mkulima namba 104, hivyo kompyuta itadai kwamba mzigo mkubwa kuliko yote ulikuwa wa kilo 90.

Mfano wa shuleni utalidhihirisha jambo hili zaidi. Wanafunzi wawili wamefanya mtihani mmoja. Wa kwanza amepata alama 80, wa pili 50. Wastani wao ni 65. Katika maktaba ya shule, wa kwanza ameazima vitabu vinne na wa pili kitabu kimoja. Mtu akiunganisha jedwali la alama na jedwali la vitabu vilivyoazimwa, alama 80 itaandikwa mara nne na alama 50 mara moja. Jumla itakuwa 370 kwa mistari mitano, na wastani 74. Hakuna mwanafunzi aliyeongeza bidii. Ni kwamba msomaji wa vitabu vingi amepigiwa kura nne. Na wanafunzi wasioazima kitabu chochote, ambao pengine ndio wenye kuhitaji msaada wa mwalimu, hawamo katika wastani huo hata kidogo.

DAWA ISIYOPONYA

Aghalabu mtu akiona tarakimu zimerudiwa hukimbilia kuiamuru kompyuta iondoe zinazofanana kabla ya kujumlisha. Kwa mikopo ya mfano huu dawa hiyo itaonekana kuponya: 20,000, 30,000, 25,000 na 15,000 ni tarakimu nne mbalimbali, na jumla yake ni 90,000. Hatari yake huonekana kwenye kilo. Mkulima namba 102 alileta kilo 75 mara mbili. Kompyuta, ikiona 75 na 75, itaifuta moja, na mkulima atapoteza kahawa yenye thamani ya shilingi 150,000 kwa sababu tu mizigo yake miwili ilikuwa na uzito sawa. Na mkulima namba 104 hatarudi, kwani dawa hiyo haiwarudishi waliopotea.

Tofauti iliyopo hapa ni ya msingi. Namba ya stakabadhi ni ufunguo, na ufunguo hauwi wa vitu viwili. Kwa hiyo inaruhusiwa kuhesabu stakabadhi kwa kuondoa namba zilizorudiwa. Uzito si ufunguo. Vitu viwili vyaweza kulingana uzito bila ya kuwa kitu kimoja.

NJIA ILIYO SAHIHI

Njia iliyo sahihi ni kubadili mpangilio wa vitendo: kujumlisha kwanza, kuunganisha baadaye. Mapokezi yajumlishwe peke yake kwa kila mkulima, na Mikopo ijumlishwe peke yake kwa kila mkulima. Hapo kila mkulima atakuwa na mstari mmoja katika kila upande, au asiwe nao kabisa, na m × n haiwezi kuzidi 1 × 1. Kisha orodha kamili ya wakulima ichukuliwe kuwa shina, na jumla hizo mbili ziunganishwe nayo kwa namna inayomhifadhi hata asiye na mwenzi, pengo lake likijazwa sifuri. Lugha ya SQL inao muungano wa aina hiyo.

Jedwali la 4: Matokeo ya kujumlisha kabla ya kuunganisha

| Mkulima | Kilo | Mikopo (Sh.) | Malipo (Sh.) |
|---|---|---|---|
| 101 | 150 | 50,000 | 250,000 |
| 102 | 150 | 25,000 | 275,000 |
| 103 | 90 | 15,000 | 165,000 |
| 104 | 150 | 0 | 300,000 |
| Jumla | 540 | 90,000 | 990,000 |

Uhakiki wake ni rahisi: kilo 540 kwa shilingi 2,000 ni shilingi 1,080,000, zikiondolewa 90,000 zinabaki 990,000, kama jedwali linavyoonyesha.

Kabla ya kuandika amri yoyote ya kujumlisha, mwenye kuuliza hana budi kujiuliza: mstari mmoja wa jedwali hili unasimama badala ya nini? Katika Mapokezi mstari ni mzigo mmoja uliopimwa; katika Mikopo ni hati moja; katika jedwali la wakulima ni mtu mmoja. Kilo ni sifa ya mzigo, basi zijumlishwe pale ambapo mstari ni mzigo. Shilingi za mkopo ni sifa ya hati, basi zijumlishwe pale ambapo mstari ni hati. Katika jedwali lililounganishwa mstari si mzigo wala si hati. Ni jozi, na jozi haina uzito wala haidaiwi.

Hatua tatu za kujihakiki zafaa kufuatwa. Kwanza, idadi ya mistari ihesabiwe kabla na baada ya kuunganisha. Ikiongezeka au ikipungua pasipo sababu inayojulikana, kazi isimame. Pili, jumla ya kila safu ilinganishwe na jumla ya jedwali lake la asili, wala isitoshe kulinganisha safu moja tu. Tatu, achaguliwe mtu mmoja mwenye mambo mengi na mwingine asiye na kitu upande mmoja, kama 101 na 104, na hesabu zao zifanywe kwa mkono. Mifano ya ukingoni hufichua kile ambacho jumla kuu hukificha.

ZOEZI LA DARASANI

Somo hili laweza kufundishwa mahali pasipo na kompyuta. Mwalimu akate vipande vinane vya karatasi na kuandika juu ya kila kimoja stakabadhi moja ya Jedwali la 1, na vipande vinne vya rangi nyingine kwa hati za Jedwali la 2. Wanafunzi wapange kila jozi inayowezekana ya vipande vyenye namba moja ya mkulima, na kuandika kila jozi katika mstari wake ubaoni. Wataona wenyewe kwamba vipande vya mkulima namba 101 vinachukuliwa tena na tena, na kwamba vipande viwili vya mkulima namba 104 vimebaki mezani bila kuguswa. Kisha waulizwe maswali matatu: ubaoni kuna mistari mingapi, jumla ya kilo ni ngapi, na ni nani ambaye hatalipwa? Darasa litakaloweza kujibu swali la tatu kabla ya kuridhika na jibu la pili litakuwa limelifahamu somo.